Walikuwa Wanachimba

Watu wakija kwangu siku hizi, wakishatoa pole na kupewa chai, hawachelewi kuuliza. "Eti mama, wao ndio walioanza au sisi?" Wananiuliza mimi utadhani nilikuwepo siku dunia inaumbwa. Mimi ni mwoka mikate. Sina jeshi, sina ndege, sina hata mbwa. Lakini kwa kuwa mmeshakaa, nitawaambia nilichokiona kwa macho yangu haya, na atakayenikatiza ataondoka na chai kifuani.

Tulikuwa watatu kwenye tanuri. Mimi mwenye mali. Mdogo wangu wa kiume, ambaye mtaa mzima ulimwita Spika kwa sababu alikuwa haongei, anatangaza. Na yule tuliyemwita Kimya, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu kidevuni, aliyetoka nchi ya jirani, ile ile ambayo jeshi letu limeingia. Alikuja kuomba kazi akiwa na kifurushi kimoja kwapani. Spika akanivuta pembeni: "Dada, mchukue. Sisi ndio tuliomkimbiza kwao." Nikamchukua, na si kwa huruma, msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilimpa donge alikande nikaona mikono yake. Yule mtu alikuwa anaujua unga. Akawa analala stoo juu ya magunia, anakula tunachokula, na neno lake la kutwa nzima lilikuwa "ndiyo, mama."

Halafu kulikuwa na mwanangu. Mmoja tu, sikujaliwa mwingine. Alikuwa mwanajeshi. Alivuka mpaka, akapigana, akarudi mzima, wakampanga kulinda geti la kambi hapa hapa mjini, kambi ninayoipelekea mikate kila asubuhi. Mngeniona siku alipoleta habari hiyo! Nilicheza jikoni peke yangu na ufagio. Mama gani mwingine anamwona mwanawe mwanajeshi kila siku ya Mungu, akiwa na miguu yote miwili?

Pale getini tulikuwa na utaratibu wetu. Amri ya kambi ilisema kila gari lisimame kwenye mapipa ya zege, likaguliwe juu na chini, na lisiposimama lipigwe risasi. Kila gari, isipokuwa langu. Mimi nilipiga honi mbili tu, kizuizi kikainuliwa, na mwanangu akaja dirishani kuchukua mkate wa kwanza, ule wa moto, akaumega na wenzake. Askari wote waliniita mama. "Mama, tumbo linalia!" "Mama, huyu mwanao mchoyo, kaula peke yake!" Siku moja mkubwa fulani aliwakaripia, wakanikagua kreti kwa kreti, mikate ikapoa, kambi nzima ikanuna. Kesho yake nikapiga honi mbili, wakainua kizuizi kama kawaida.

Sasa ugomvi. Mwanangu akipewa mapumziko alikuja nyumbani, na hakuwahi kumaliza kikombe cha chai kabla hajashikana na mjomba wake. Walipendana, lakini wakikutana ni paka na panya. Siku ninayoisema mimi, Spika alikuwa anatoa mikate tanurini kwa ule ubao wenye mpini mrefu, jasho linamtoka, na mdomo hauna breki.

"Tunawachokoza," anasema. "Ukichokoza nyuki, nyuki hawaulizi nani alirusha jiwe. Wanamuuma aliye karibu."

"Mjomba, unaongea kama redio mbovu," mwanangu akamjibu. "Sisi tulikwenda kule baada ya wao kulipua basi letu. Watu walikuwa wanakwenda kazini! Wewe uliwaokota? Mimi niliwaokota. Kuna mama nilimwokota vipande vipande nikamtia kwenye mfuko."

"Sikatai, waliua, na Mungu awalaani. Lakini basi walililipua baada ya nini? Nani alikuwa ameshapiga kambi kwenye ardhi yao? Mchimba kisima huingia mwenyewe."

"Kambi ilipigwa kwa sababu walikuwa wanateka wafanyabiashara wetu mpakani."

"Na walikuwa wanateka kwa sababu..."

"Basi tutafika kwa Adamu na Hawa!" nikapiga kelele, nikamrushia Spika kipande cha donge kikamganda shavuni. "Mikate inaungua, na nyinyi mnatafuta yai na kuku!"

Wakacheka wote wawili. Ningeomba Mungu waishie hapo. Lakini mwanangu alikuwa kijana, na kijana hapendi kushindwa na mjomba mwenye donge shavuni. Akafuta mikono kwenye suruali, akatoa simu.

"Sisi hatupigi ovyo kama wao," akasema. "Hatupigi raia. Njoo uone mwenyewe, mjomba, halafu unyamaze milele."

Nami nikasogea. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya kijivu iliyopigwa kutoka juu angani. Mto umepinda. Miti miwili imesimama. Vitu vyeusi vidogo vimezunguka mahali pamoja, vinainama na kuinuka, vinainama na kuinuka. Hakuna sauti yoyote.

"Hao," mwanangu akasema. "Walikuwa wanachimba. Wanatega mabomu njiani tupite tukatike. Jamaa zetu wa ndege waliwatazama mpaka wakahakikisha."

Kioo kikawa cheupe chote. Kilipotulia, hakukuwa na anayeinama wala anayeinuka.

Nyuma yetu trei ikaanguka kwa kishindo. Alikuwa Kimya, amesimama nyuma ya bega la mwanangu, mikate imetapakaa sakafuni. Nikamwakia. Nikamuuliza kama mikono imeota sabuni, kama anadhani unga unaokotwa barabarani. Aliinama akaokota mkate mmoja mmoja, akaupangusa kwa kiganja. Mwanangu akainama naye, akamsaidia. "Pole, kaka," akamwambia. "Mama ndivyo alivyo, mdomo tu." Kimya akasema ahsante.

Siku zikapita. Kimya akakanda, akapanga, akapakia. Kama kuna kilichobadilika mimi sikukiona, na majirani wanaoniambia sasa eti kikulacho ki nguoni mwako, wao pia walikuwa wanakula mikate yake na hawakuona kitu.

Asubuhi yenyewe jua lilikuwa limeshatoka. Kreti nyingi zilikuwa tayari garini, Spika anatoa trei za mwisho. Kimya akatoka stoo amevaa koti kubwa, zito, mbele ya tanuri linalowaka.

"We Kimya," Spika akasema, "unaumwa homa au umeoa?"

Kimya akatoa bastola.

Kuna watu husema wakati kama huo akili inasimama. Yangu haikusimama, ilikwenda kijinga. Niliwaza: hiyo bastola ina unga kwenye mpini, nani kaishika na mikono michafu? Spika ndiye aliyeelewa kwanza. Aliweka chini ule ubao wa tanuri polepole, akainua mikono, na mdogo wangu yule, mtu wa maneno, akaanza kusema.

"Ndugu yangu, sikiliza. Mimi niko upande wako. Muulize dada. Miaka yote nasema tuliwachokoza, tuliwaonea, tuliingia kwenu bila kuitwa. Mimi ndiye niliyekuleta hapa..."

"Nimekusikia," Kimya akasema. Sikuwahi kusikia sauti yake ikiwa ndefu hivyo. "Kila siku ulisema. Na kila siku ukawaokea mikate."

Akampiga risasi kifuani. Spika alirudi nyuma akagonga mlango wa tanuri, ngozi ya mgongo ikachachatika kwenye chuma cha moto, akalia, akaanguka mbele juu ya meza, mikono imezama kwenye donge. Alikuwa anajaribu kusimama. Vidole vinalivuta donge na linanyumbuka naye, linakuwa jekundu. Kimya akasogea, akamwekea bastola kisogoni, akampiga tena. Unga ukaruka juu ukaturudia wote.

Nikashika ule ubao nikampiga nao shingoni kwa nguvu zangu zote. Aliyumba. Nilimpiga tena usoni, pua ikapasuka, na ningemuua, haki ya Mungu ningemuua pale pale, lakini aliudaka mpini akanivuta, akanigonga kwa bastola mdomoni. Meno mawili yakaniingia kooni. Nikapiga magoti natema damu kwenye unga.

"Sitakuua, mama," akasema, anahema. "Nakuhitaji uendeshe gari."

Akanifungulia koti. Kiunoni alikuwa amejifunga mkanda mpana uliovimba, na waya umetoka hapo umepita kwenye mkono wa koti mpaka kwenye kitufe kilicho kiganjani. Hapo ndipo akili yangu iliponyooka. Sikumfikiria tena Spika, Mungu anisamehe, damu yake ikiwa bado inachuruzika mezani. Nilimfikiria mmoja tu, na huyo alikuwa getini, ananisubiri na njaa yake.

Alikaa kando yangu, upande ule ule ambao mwanangu huja kuchukua mkate. Bastola mbavuni mwangu, kitufe mkono mwingine. Tukaingia barabarani. Watu wanafungua maduka, kinyozi ananipungia mkono kama kila siku, nami nikampungia, mdomo nimeuziba kwa kanga.

"Ulikuja kwangu kwa ajili ya hili?" nikamuuliza.

"Nilikuja kutafuta kazi. Hili nimelitafuta baadaye, baada ya ile simu. Wa kunipa hawakosekani."

"Simu gani?"

"Simu ya mwanao. Mto ule na miti ile miwili ni kwetu, mama. Lilikuwa kaburi." Alisema polepole, damu ya pua inamwingia mdomoni anaitema kwenye koti. "Bibi yangu alikufa. Kwa uzee, uzee tu, hakuuliwa na mtu. Tulikuwa tunachimba kaburi lake. Baba, kaka zangu, watoto wa kaka zangu. Mke wangu amekaa pembeni anawaimbia. Mimi nilikwenda kuchota maji ya kunywa wachimbaji. Nikarudi na ndoo."

Nikabadili gia, macho barabarani. Mngejibu nini nyinyi?

"Kabaki mama yangu tu. Alikuwa ndani anamwangalia maiti. Siku zote hizo mimi nilidhani tumemkosea Mungu. Nilimwomba msamaha, sijui wa nini. Mpaka nilipowaona kwenye simu, naye aliyeishika anatafuna mkate niliokanda mimi."

"Mwanangu hakurusha ile ndege."

"Najua."

"Na hakucheka. Ulimwona, hakucheka! Aliinama akakusaidia kuokota!"

"Hakucheka," akakubali. "Lakini alikuwa ameiweka kwenye simu."

Nikampigia kelele, mate na damu vinaruka kwenye kioo. Nikamuuliza na wale wa basi walikuwa na ndege? Yule mama aliyeokotwa kwenye mfuko, alimkosea nani? Na wapishi wa kambini, na yule bibi anayefagia uwanja pale, ambaye wewe Kimya humwekea makombo awalishe kuku wake?

"Hilo la basi kawaulize waliolipua," akasema. "Mimi nina langu."

"Kila mtu ana lake! Kila shetani ana lake!"

Nitasema jambo na mniache. Nilimwonea huruma. Nilimwonea huruma huku namchukia mpaka fizi zinaniuma, vyote viwili humu humu kifuani, hakuna kilichompisha mwenzake. Ndoo ile niliiona. Na Spika pia nilimwona. Atakayeniambia haiwezekani hajawahi kuendesha gari lile.

Tukapinda kona ya mwisho. Barabara ya kambi imenyooka, upande mmoja ukuta, upande mwingine mtaro mpana wa zege wa maji ya mvua. Mbele mapipa, mifuko ya mchanga, kizuizi chekundu na cheupe. Na pale, kofia ya chuma ameisukuma nyuma nilivyomkataza mara mia, mwanangu.

"Honi mbili," Kimya akasema. "Kama kawaida."

Basi mimi nilishaamua. Amri ni amri: gari lisilosimama lipigwe risasi. Sitapiga honi mbili, nitapiga moja ndefu ya wazimu, nitakanyaga mafuta, nitawaendea kama adui, na wao wataniua kabla sijafika. Watatuua wote wawili huku mbali, mwanangu atabaki. Nilifurahi kulipata wazo hilo. Nikakanyaga mpaka mguu ukagota chini, nikalalia honi.

"Punguza!" Kimya akapiga kelele, anazidi kunichoma bastola mbavuni. "Punguza, mama!"

"Nipige basi!"

Nikawatazama askari, namwomba Mungu waelekeze bunduki. Na wao wakawa wanacheka. Nawaambia wanacheka! Mmoja anajishika tumbo. Kizuizi kikaanza kuinuka. Mwanangu akaruka katikati ya barabara, akatanua miguu na mikono kama golikipa anayesubiri penalti, meno yote nje.

Mmoja tu, mgeni, ambaye nadhani hakuwa amekula mkate wangu hata wiki, alifanya kazi aliyofundishwa. Aliinua bunduki akanilenga. Piga, nikasema moyoni, piga baba, ubarikiwe. Mwanangu akamwona. Akamrukia, akausukuma mtutu chini kwa mkono wake mwenyewe.

"Msipige!" nikamsikia. "Ni mama!"

Nikakata usukani kuelekea mtaroni.

Gari liliruka, likatua kwa pua, likalala upande wa Kimya. Kreti zote zikaja mbele, mikate ya moto ikatumwagikia vichwani pamoja na vioo. Nilikuwa juu yake, uso wangu shingoni mwake. Bastola imepotea. Mkono wenye kitufe ulikuwa kati yetu, na dole gumba linatafuta. Nikalishika. Nikalikunja nyuma mpaka likalia kama kuni kavu, naye akapiga yowe, akaanza kunipiga ngumi za kichwa kwa mkono mwingine, sikioni, jichoni. Sikuachia. Nikauingiza mkono wake mdomoni nikauma kwa meno yaliyobaki mpaka yakagota mfupa. Damu yake ikanijaa kinywani. Sisi wawili tuliokuwa tunakanda donge moja.

"Usije!" nikawa napiga kelele kila nikipata pumzi. "Bomu! Usije! Mwanangu usije!"

Nikasikia buti juu ya ubavu wa gari. Buti za mwanangu nazijua, nilizipangusa tope miaka mingapi? Mlango wa upande wangu, ambao sasa ulikuwa juu kama dari, ukafunguliwa, jua likaingia na uso wake.

"Mama, nipe mkono!"

"Toka! Ana bomu! Nimekuambia toka!"

"Nimesikia. Nipe mkono."

Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye mkono wa Kimya. Nikimpa mwanangu mkono, namwachia Kimya. Nilimwambia hivyo, naapa nilimwambia, lakini maneno yalitoka na damu, sijui alisikia nini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nilimwimbia hilo tangu anatambaa. Hakusikia. Alijipinda akaingia nusu mwili, akanikamata makwapani kama nilivyokuwa namnyanyua yeye kwenye beseni, akavuta. Alikuwa na nguvu. Nilimlisha mwenyewe nikamtia nguvu zile. Nikang'ang'ania ule mkono, lakini ulikuwa umeloa damu na mafuta ya trei, ukaniteleza kidole kwa kidole. Kimya alinitazama. Hakuwa na hasira tena usoni, alikuwa amechoka tu.

Mwanangu alinirusha nje nikaangukia sakafu ya mtaro, naye akajitupa juu yangu.

Mlipuko sikuusikia. Nilipofumbua macho kila kitu kilikuwa kimya na moshi mweusi, na vipande vya mikate vinadondoka kutoka juu vinawaka. Juu yangu palikuwa pazito, pana joto. Nikamwita. Nikampitisha mkono mgongoni ili nimpige-pige kama mtoto mchanga, na mkono ukaingia ndani. Hakukuwa na mgongo. Uso wake ulikuwa mzima kabisa, hauna hata mkwaruzo, kofia imerudi nyuma vile vile. Nilimfunga mikono nikakataa kumwachia, mpaka askari watatu wakanibandua.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, basi sitawaeleza huo.

Kabla hata hatujazika, mtaa wetu ulishalipiza. Fundi viatu wa kona, mzee aliyetoka nchi ile ile ya Kimya na kuishi kwetu tangu sijaolewa, walimtoa kibandani wakamponda kwa mawe, wakamvisha tairi wakamwasha. Walikuja kuniambia wakidhani watanifurahisha. Viatu nilivyovaa kwenye mazishi ya mwanangu alikuwa amevishona yeye.

Spika tulimzika kwanza, watu wachache. Mwanangu alizikwa na jeshi zima, bendera, tarumbeta, wakubwa wenye miwani myeusi. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya kaburi, mkono mmoja kwenye plasta, sikio moja limekufa. Askari wa getini ndio waliofukia. Walivua makoti, wakalizunguka kaburi na makoleo, wakawa wanainama na kuinuka. Yule mgeni aliyenilenga alikuwa miongoni mwao, analia wazi wazi, kamasi hadi kidevuni. Nilitamani nimwite nimwambie wewe peke yako ndiye uliyekuwa sahihi.

Mkuu wa kambi akaja akachuchumaa kando yangu, upande wa sikio zima.

"Mama," akanong'ona, "damu ya mwanao haikwenda bure. Jana tumepiga. Tumekipata kijiji chake yule mshenzi."

Nikafurahi. Msinitazame hivyo, mmekuja kutafuta ukweli au mmekuja kunywa chai? Nilifurahi. Moyo uliruka juu, nikaona Spika mezani, nikaona mgongo usiokuwepo, nikasema ahsante. Nilimwambia kwa mdomo wangu huu wenye mapengo, ahsante baba.

"Mliwapataje?" nikamuuliza.

"Walijiweka wazi wenyewe. Walikuwa wamekusanyika pamoja, pale mto unapopinda. Vijana wa ndege waliwatazama mpaka wakahakikisha. Walikuwa wanachimba."

Ile furaha ikaniganda kooni kama yale meno. Wanachimba nini, na mtu wao alishakuwa vipande kwenye mtaro wetu? Pengine walikuwa wanamzikia shati. Pengine mama yake, yule aliyebaki, alisema mwanangu hawezi kukosa hata shimo. Mimi ningesema hivyo. Nikawatazama wale askari wetu wanainama na kuinuka, wanainama na kuinuka, na shingo ikageuka yenyewe nikatazama juu. Mbingu ilikuwa safi, hakuna kitu.

"Amebaki nani?" nikauliza.

"Hakuna aliyebaki, mama. Tulia sasa."

"Na aliyekwenda kuchota maji?"

"Mama?"

Nikamshika ukosi wa gwanda kwa mkono wangu mmoja, medali zikalia. "Nakuuliza wewe mkubwa! Aliyekwenda kuchota maji mmemwona? Mmemtafuta? Yuko wapi aliyekwenda kuchota maji?"

Alinibandua vidole kwa upole, kimoja kimoja, akasimama, akajinyoosha gwanda. Nikaona machoni mwake kwamba ananihurumia. Akamgeukia askari aliyekuwa karibu, na alikuwa yule yule mgeni.

"Mama anataka maji," akamwambia. "Weka koleo chini, kimbia ukamchotee."

Kijana akaweka koleo chini, akaokota ndoo, akakimbia.